Mama Hope na Jambia la Mzee Hamoud

Kule Keko, kwenye barabara ya mafundi wa samani, ambako vitanda na makabati husogezwa mpaka karibu na lami, ukimuulizia Editha watu watakuangalia tu. Muulizie Mama Hope, na vidole vitatu vitanyooshwa kabla hujamaliza kulitamka jina. Ni mpiga vanishi. Wenzake wakishakata mbao, wakishapiga randa na kugongomea, kitu kinakuja kwake kikiwa kimepauka na kujaa vumbi. Yeye anakipiga msasa, anakipaka sila ya kuziba vitundu vya mbao, kisha vanishi mikono mitatu, mpaka mteja anaweza kujitazama meno kwenye mlango wa kabati. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa, na mwaka huu ametimiza arobaini na sita.

Kitu kingine wanachomjua nacho ni kicheko. Humvamia popote. Siku ya ndoa yake, bwana harusi Ansbert aliposema "ndiyo" kwa sauti iliyokatika katikati kama ya jogoo mchanga, Editha alicheka mpaka padri akaagiza aletewe maji ya kunywa. Ansbert, ambaye ni karani kwenye yadi moja ya makontena Kurasini, mpaka leo analisimulia jambo hilo kwa majigambo, kana kwamba ni yeye aliyelipanga.

Mwezi wa pili mwaka huu, siku ya Jumanne, Editha alipanda juu ya kirikuu kupeleka meza ya chakula na viti vyake Mbweni, kwa mtu mmoja aitwaye Walid, wakala wa forodha mwenye ofisi Kurasini. Nyumba ilikuwa mpya, nyeupe, na ndani kiyoyozi kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Njiani mguu mmoja wa meza ulikuwa umekwaruzika, kwa hiyo vijana wa kirikuu walipoondoka, Editha alibaki akiurekebisha kwa kitambaa na kikopo chake cha vanishi. Walid alikuwa kazini. Mama yake, Bi Alya, bibi wa miaka sabini na mbili aliyevaa dira la zambarau, alikaa kwenye kochi akimtazama bila kupepesa.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mbao iliyokauka kabisa, iliyopauka kama kisigino, wewe unaweza kuirudisha?"

"Inategemea ni mbao ya nini, mama."

Bi Alya alitazama kushoto na kulia, ingawa hapakuwa na mtu mwingine nyumbani, akainuka. "Nifuate. Vua viatu."

Alimpeleka chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Ukutani, chini kabisa ya kiyoyozi, palining'inia jambia. Wenyewe waliliita jambia, ingawa lilikuwa limenyooka kama rula: kisu cha kijeshi cha zamani, urefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani, ala ya ngozi, na mpini wa mbao uliobanwa na shaba juu na chini. Ngozi na chuma vilikuwa salama. Mpini ndio uliokuwa unatia huruma. Zamani ulipakwa rangi nyeusi, na sasa rangi ilikuwa inabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Pale ilipobanduka mbao ilikuwa ya kijivu, kavu, na ufa mwembamba ulipita ubavuni. Bi Alya alilishika, akalitikisa karibu na sikio la Editha. Kocho, kocho, kocho.

"Umesikia? Linaongea. Zamani lilikuwa kimya kama jiwe."

Ndipo akamweleza. Jambia lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Hamoud, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza wakati ule, akapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Huko alikamatana na ofisa wa Kijapani katikati ya mto, wakapigana mieleka kwa saa nzima, na Mzee Hamoud akatoka majini na jambia hilo mkononi. Alipofariki, liliachwa mikononi mwa Bi Alya, kwa sababu kaka yake mkubwa, Haroub, alikwishahamia Muscat. Likakaa dukani kwao Temeke miaka arobaini, juu ya magunia ya mchele, kwenye joto na unyevu na mvuke wa watu, bila dosari. Miaka miwili iliyopita Walid alimhamishia mama yake Mbweni, akalitundika jambia kwa heshima zote chini ya kiyoyozi.

"Na kiyoyozi kimelinyonya," alisema Editha taratibu.

"Kimelinyonya! Na Haroub anakuja baada ya siku kumi na moja. Kila Ijumaa akinipigia simu, kabla hajaniuliza hali anauliza, 'Jambia zima?' Namwambia zima. Miaka miwili nasema zima, zima. Yeye tangu tukiwa wadogo anasema Alya hawezi kutunza kitu."

"Umemwambia Walid?"

"Walid asijue! Ataniagizia jipya mtandaoni."

Hapo kicheko kilimshika Editha. Alijitahidi kukimeza, kikamtokea puani. Alitegemea kufukuzwa, lakini Bi Alya naye mdomo ulianza kumcheza, na wote wawili wakajikuta wamekaa ukingoni mwa kitanda wakicheka na kunyamazishana, ndani ya nyumba isiyo na mtu. Editha aliondoka Mbweni kwa bodaboda, jambia limeviringishwa kanga mbili chini ya kapu lake la vikopo, akitazama nyuma kama mtu aliyeiba benki.

Pale karakana ya Keko, mwenzake wa karibu ni Tabu, mshonaji wa mito na vitambaa vya makochi, mwanamke wa Temeke wa kuzaliwa, mwenye neno kwa kila jambo.

"He! Mama Hope! Umeanza ujambazi?"

"Nyamaza wewe. Ni mgonjwa huyu."

Tabu alilichunguza. "Mbona ishu ndogo tu. Msasa, sila, vanishi. Nusu saa linang'aa kama la dukani."

Editha naye ndivyo alivyokuwa amefikiri. Alikata kipande cha msasa, akakikunja, akakiweka juu ya mbao. Kisha akasita. Aliinua mpini usawa wa jicho. Hapo mbao ilipokutana na shaba, ilikuwa imeshazama kidogo, labda unene wa ukucha, kwa sababu ya kusinyaa. Akiisugua itazama zaidi na haitarudi tena. Na vanishi juu ya mbao kavu namna hiyo ingekaa mwezi mmoja, kisha ingebanduka kama ilivyobanduka rangi. Aliuweka msasa chini. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuuweka chini kabla ya kazi.

Alimkumbuka fundi Eliaichi, mzee wa Machame aliyemfundisha kazi. Yeye mipini ya patasi zake hakuipaka vanishi hata siku moja. Aliinywesha linsidi, yale mafuta ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, tone kwa tone, kwa ncha ya kidole, akiipa siku nzima kati ya tone na tone. Editha alikuwa kijana wakati huo na alimwona mzee anapoteza muda. Sasa alitamani angekuwa hai amuulize maswali kumi.

Kwa kuwa hakuwa na wa kumuuliza, alikwenda kujaribu nyumbani. Mwananyamala, uani kwao, palikuwa na jembe ambalo mpini wake ulikuwa mkavu kiasi cha kuchoma viganja. Aliufuta vumbi, akachanganya linsidi na tapentaini kidogo ili yawe mepesi, akapaka kwa kidole. Mafuta yalizama papo hapo. Yaani aliyaona yakizama! Akapaka tena, yakazama tena. Alijikuta amechuchumaa uani anauambia mpini wa jembe, "Kunywa, kunywa baba, usione haya." Siku ya pili akaongeza kigoda. Siku ya tatu akaongeza kiti cha mbuzi ya kukunia nazi, na shoka la jirani.

Ansbert aliporudi kutoka Kurasini alilikuta jembe limeegemezwa ukutani, mpini una rangi ya asali iliyokolea.

"Mama Hope," alisema, "jembe letu linakwenda harusini?"

"Liguse! Liguse basi, Baba Hope! Fumba macho!"

Ansbert alifumba macho, na begi lake la kazini begani, akapitisha kiganja kwenye mpini. Akapitisha tena. "Kama ngozi ya mtoto," alisema. Editha alirukaruka pale uani kama msichana wa kuruka kamba, na jirani mwenye shoka akachungulia juu ya ukuta kuona kumetokea nini.

Zilibaki siku nane. Asubuhi ya Ijumaa, jua likiwa linapiga vizuri mezani kwake, Editha alizungushia shaba karatasi ya gundi ili isichafuke, akaanza kutoa mabaki ya rangi nyeusi. Hakutumia chuma. Alichonga kijiti cha mwanzi kikawa butu, akawa anainua kila gamba lililolegea, kisha anapitisha mswaki laini. Tabu alisogeza kigoda chake na mto aliokuwa anaushona, akakaa kutazama.

Baada ya magamba kama kumi hivi, Editha aliinama. "Tabu. Kuna maandishi."

Kwenye mbao palikuwa na herufi, zimechomwa kwa msumari wa moto, kubwa kubwa, zisizo sawa. Ya kwanza ilikuwa J. Ya pili I. Ya tatu K.

"Jina la yule Mjapani!" alisema Tabu. "Haki ya Mungu! Jiki... Jiko... ona O hiyo! Jikomoto! Anaitwa Jikomoto!"

Editha alisogeza uso karibu na mbao. Jina la ofisa wa mtoni, limejificha chini ya rangi miaka yote hiyo! Aliushika tena ule mwanzi. Gamba jingine likatoka. N. Jingine tena. I.

Wote wawili waliinamisha vichwa wakasoma.

"Jikoni," alisema Editha.

"Jikoni nalo ni jina la Kijapani?" aliuliza Tabu kwa sauti ndogo.

Mbele yake palikuwa na tarakimu: 2. JIKONI 2.

Tabu aliutupa mto. Editha alilala kifudifudi juu ya meza, jambia limeinuliwa juu kwa mkono mmoja lisije likaumia, mabega yakitikisika. Kila walipotaka kunyamaza, mmoja alisema "Jikomoto" na wakaanza upya. Mafundi wa jirani walikuja kuuliza, wakaonyeshwa mpini tu kwa kidole.

Kicheko kilipopungua, woga uliingia. Lile lilikuwa la marehemu, na bibi wa watu alikuwa analiheshimu kuliko picha za ukutani. "Pengine ni jikoni kwa Wajapani," alisema Tabu ili kumfariji. "Si nao wanakula?"

"Kwa Kiswahili?"

Tabu aliinama kuokota mto wake. Editha aligeuza upande wa pili wa mpini na kuendelea, akisali upande huo uwe mtupu. Haukuwa mtupu. Herufi zilitoka moja moja: U. S. I. Nyingine I. Ya tano B, ya sita E.

USIIBE.

Safari hii hawakucheka mara moja. Walitazamana kwanza, macho yamewatoka, na picha ikawajia wote kwa pamoja: Mzee Hamoud, kijana, katika jiko namba mbili la jeshi, ameshika kisu kilichoandikwa usiibe, anakitia ndani ya begi lake la kurudi nyumbani. Ndipo Tabu akapiga kigelegele kimoja kirefu na kuteleza kutoka kwenye kigoda.

Wazo la kuyafukia maandishi yale lilimpitia Editha kichwani. Vanishi nyeusi, mpako mmoja, basi. Lakini alipopitisha kidole kwenye zile herufi alijua hawezi. Mtu alikaa na msumari wa moto akaziandika, mtu mwingine akazipaka rangi, na yeye hakuwa na haki ya kuwa wa tatu kuzificha. Aliamua atamwambia Bi Alya uso kwa uso, siku ya kurudisha, kabla kaka yake hajatua.

Wiki iliyofuata ilikuwa wiki ya furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Kila asubuhi alifika Keko mapema, akafungua kanga, akaweka tone la mafuta kwenye ncha ya kidole na kulisugua mpaka kidole kikapata moto. Alingoja, akafuta yaliyobaki kwa kitambaa cha pamba, akakitandaza kitambaa hicho juani kwenye waya, maana vitambaa vya linsidi vikirundikwa huweza kushika moto vyenyewe. Halafu alikwenda kwenye makabati yake, na kila saa moja alirudi kuchungulia. Siku ya tatu ukijivu uliondoka. Siku ya nne mistari ya mbao ilijitokeza, myembamba, ya kahawia, ikapinda pale penye ufa. Siku ya tano ufa wenyewe ulijifumba ukabaki kama unywele. Siku ya sita alilishika jambia, akalitikisa.

Kimya.

Alilitikisa tena karibu na sikio. Kimya. Mbao ilikuwa imevimba taratibu na kujaza nafasi yake. Alikimbia nalo mpaka kwa Tabu, akalitikisa sikioni mwake. "Linasema nini?"

"Halisemi kitu."

"Halisemi kitu!" alipiga kelele Editha, na wakacheza pale kati ya makochi mawili, mteja mmoja akiwa amesimama anangoja kuulizia kitanda. Mwishoni alipaka nta ya nyuki kidogo sana, akaisugua mpaka mpini ukawa na mng'ao wa ndani, kama jicho la ng'ombe, si mng'ao wa vanishi.

Alifika Mbweni Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya Haroub. Hivyo ndivyo alivyodhani. Mlango ulifunguliwa na Bi Alya mwenyewe, macho yamemtoka kama ameona jini.

"Kafika," alinong'ona. "Kabadilisha ndege. Yumo ndani."

"Mama, kuna jambo lazima nikwambie kwanza, kwenye mpini..."

"Nani huyo, Alya?" iliita sauti nzito ya kiume.

"Fundi wa meza, kaka!"

Sebuleni alikaa mzee mrefu mwenye kanzu iliyonyooka na fimbo yenye kichwa cha fedha. Editha alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Fimbo ikaelekezwa kwake, kisha ikaelekezwa kwa Bi Alya.

"Tangu asubuhi namuuliza dada yangu jambia la baba liko wapi. Ananiambia limepumzika. Jambia linapumzikaje?"

Bi Alya alikaa chini. Editha alitazama uso wake, akaona hakuna njia nyingine, akaingiza mkono kwenye kapu, akafungua kanga na kumkabidhi mzee jambia kwa mikono miwili.

Haroub alilipokea. Alilitazama muda mrefu. Alipitisha kidole gumba kwenye mbao, akarudia, kama alivyofanya Ansbert kwenye jembe. Akalitikisa. Kimya.

"Alya," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "mie nilijua utaliharibu. Hili zuri kuliko nilivyoliacha."

Bi Alya alifunika mdomo kwa mtandio, machozi yanamlengalenga. Kisha mzee akavaa miwani.

Editha alijua kitakachotokea na hakuweza kukizuia. Midomo ya mzee ilianza kusoma: "Ji... ko... ni. Jikoni mbili." Akainua uso. "Nani kachezea jambia la baba yangu?"

"Si mimi, mzee wangu. Maandishi yalikuwa chini ya ile rangi nyeusi. Yamechomwa kwa moto, ni ya zamani. Nisingeweza kuyafuta bila kuila mbao."

"Rangi ile aliipaka baba mwenyewe," alisema Bi Alya polepole. "Kila mwaka, mwisho wa Ramadhani. Alifunga mlango akaipaka peke yake."

"Upuuzi!" alisema Haroub. "Baba alimpokonya Mjapani. Walipigana mlimani, siku nzima, mvua inanyesha."

"Mlimani?" Bi Alya aligeuka. "Mtoni. Saa moja."

"Mlimani, Alya! Kaniambia mie mwenyewe, mwanawe wa kiume."

"Mie kaniambia mtoni. Na Mjapani alikuwa hajui kuogelea."

"Mjapani wangu alikuwa amepanda farasi!"

Walitazamana. Ilikuwa kana kwamba farasi huyo amesimama hapo katikati ya sebule. Haroub, akitafuta pa kuelekeza macho, aligeuza jambia upande wa pili.

"Usi..." alisoma. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena. "Usiibe."

Mlio ulimtoka Editha, mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amechelewa. Bi Alya alisikia mlio ule na yeye akapasuka, akaanguka ubavu kwenye kochi, akipiga mto ngumi. "Kaiba! Yaa Rabbi, baba kaiba kisu cha jikoni!" Haroub alibaki wima, kidevu juu, ameshika fimbo. Mashavu yalianza kumtetemeka. Halafu mabega. Halafu mzee wa miaka sabini na minane alitoa kicheko kikubwa cha kukoroma, akakaa, akacheka mpaka kofia ikamwangukia mapajani.

"Ndiyo maana!" alisema alipopata pumzi. "Unakumbuka pilau ya Idi? Kila mwanamke anatolewa jikoni, anapika baba!"

"Sufuria la watu mia mbili, na sie nyumbani tulikuwa tisa!"

"'Kombania, sahani mbele!' Na ukimwaga wali..."

"Unazunguka nyumba mara tatu umeinua kijiko juu!" Bi Alya alikuwa analia sasa, machozi yanashuka bila kizuizi. "Tukasema ni uaskari ule. Kumbe ni uaskari wa jikoni."

Kicheko chao kilipungua kidogo kidogo. Haroub aliushika ule mpini kwa viganja viwili. "Masikini baba," alisema. "Aliogopa tukijua tutamdharau?"

"Watu mia mbili," alijibu Bi Alya, "kila siku, katika matope ya huko, wakala wakashiba. Mie ningelijua, ningelimsifu kuliko huyo wa mtoni."

Haroub aliugeuza mpini mara moja zaidi. Kisha akainuka ghafla, kanzu na fimbo na vyote. "Alya, nipe kitunguu."

"Mzee, mpini usilowe!" Editha alishtuka. "Maji hapana kabisa, nakuomba!"

"Kitunguu kina maji gani? Kimoja tu."

Walikwenda jikoni wote watatu. Editha alimfungia mpini kwa kitambaa, akasimama karibu naye kama nesi, na Haroub bin Hamoud, mfanyabiashara wa Muscat, akakata kitunguu kwa kisu cha Jiko Namba Mbili. Kilikata vizuri ajabu. Akaomba cha pili. Walipofika cha nne, Walid aliingia kutoka Kurasini, begi begani, akawakuta mama yake, mjomba wake na fundi wa meza wamelizunguka sinia, wote wanatiririkwa na machozi.

"Inna lillahi," alisema, akidondosha begi. "Nani kafariki?"

Haroub alimwinulia nusu ya kitunguu cha nne.

Jambia halikurudi chini ya kiyoyozi. Editha aliwapa masharti: kabati la chumba kisicho na baridi, jambia nje ya ala ya ngozi mara moja moja lipate hewa, mafuta matone mawili kila baada ya miezi sita, na vitunguu mwisho ni vile vinne. Haroub alipaswa kukaa wiki mbili, akakaa miezi miwili. Alikuwa anagombana na dada yake kila siku kuhusu kiasi cha bizari kwenye pilau, na wote wawili walinenepa.

Walid ndiye aliyeisambaza habari huko Kurasini. Kabla mwezi wa nne haujaisha, alikuja Keko mama mmoja wa Mwananyamala, Apolonia, mwalimu mstaafu, na singe ya bunduki ya marehemu mumewe, mpini umepasuka kwa kukaa juu ya dari la bati. Baada yake akaja mzee na kisu cha babu yake, aliyekuwa askari wa Mjerumani. Baada yake watu wawili siku moja. Tabu alimshonea Editha vifuko vya pamba vya kuwekea kila kimoja, na kwenye rafu ya juu ya karakana, mbali na vumbi la msasa, sasa visu vya kijeshi vya zamani vinalala vikinywa mafuta yao kwa zamu. Jumamosi hapokei makabati. Wiki iliyopita mteja alimbembeleza ammalizie kitanda siku hiyo, akamjibu kwamba haiwezekani, ana watatu wamelazwa na mmoja ndiyo kwanza ameanza kurudi rangi. Mteja alimpa pole. Editha alisubiri apotelee kona ya barabara, akakunja mikono ya blauzi, akatia kidole kwenye mafuta.